Konzi ya Unga



Sokoni kwetu Likasi, mama anayeuza unga anajaza meka, kipimo chake, mpaka juu, anaitikisa, anajaza tena hadi unga unasimama kama kichuguu. Mnunuzi anafungua mfuko, unga unamiminwa, na kabla pesa haijatoka mfukoni anadai: "Mama, uniongezee matabishi." Mama anachota kiganja kimoja na kukimwagia humo. Kiganja hicho hakimo kwenye bei. Ukihesabu meka zote za siku, mama huyo amegawa unga wa bukari ya jioni ya watoto wake. Nimemwona mmoja akimtilia viganja viwili mtoto aliyetumwa na pesa pungufu, kisha akamgeukia mteja wa pili bila kusema neno.

Sisi watu wa Likasi tunapenda kusema "Mungu iko." Ni ungamo la kweli, nami nalisema kila siku. Leo nauliza: huyo Mungu aliye pamoja nasi, chakula chake kinatufikia kwa njia gani?

Wazee wetu waliishi miaka mingi wakijua chakula kinatoka wapi. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi mposho, na mwenye mke na watoto akapimiwa zaidi. Kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines iliposhika migodi mwaka 1967 iliendelea kulea hivyo hivyo, pamoja na nyumba, hospitali na shule. Watu waliiita kampuni baba, na walimaanisha. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Shaba iliyokuwa ikipita tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikashuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakatika miezi kwa miezi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu ambacho jina lake linawataja Bana Shaba, yaani watoto wa shaba, walioachwa na baba yao.

Nani aliwalisha watoto hao? Mama zao, waliokaanga mandazi alfajiri na kulima mashamba nje ya mji. Jirani aliyepika sufuria moja kwa nyumba mbili. Shangazi aliyepokea watoto wa marehemu kaka yake wakati wa kwake mwenyewe hawajashiba. Mimi naamini Mungu ndiye aliyelisha, na kwamba mikono aliyoitumia ni hiyo.

Mjane wa Sarepta katika kitabu cha kwanza cha Wafalme alikuwa amebakiwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Eliya akamwomba amtengenezee yeye kwanza. Tunaihubiri sana habari hii, lakini mambo mawili tunayapita mbio. La kwanza: unga haukuisha, ila hakuna mahali tunaposoma kwamba pipa lilifurika, wala kwamba mama yule aliuza ziada akatajirika. Walipata cha kula, siku baada ya siku, mpaka mvua ikarudi. La pili: Eliya alikuwa mgeni. Mtu wa nchi nyingine, wa kabila lingine, aliyefika wakati wa njaa na kuomba kula katika kile kidogo kilichobaki.

Hapa lazima nitaje gare ya Likasi. Mwaka 1992 na 1993, mji huu ulipokuwa tayari unaonja ukosefu, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu kwa maelfu walilala gareni wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo au njiani. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Siasa ilichochea moto ule, hilo linajulikana. Lakini kuni zilikuwa hofu: kwamba kazi haitoshi, nyumba hazitoshi, mgeni anakula sehemu yetu. Na makanisa yetu yalikuwa yakijaa kila Jumapili. Anayeamini kwamba Baba wa mbinguni analisha ndege wa angani, akamwona jirani yake kuwa mdomo uliozidi, bado hajaamini. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa hofu ile haijazikwa. Kila bei ya shaba inapoanguka, nasikia maneno yale yale vijiweni.

Kuna jambo jingine linaloniumiza. Mhubiri anamwambia mke wa mchimbaji apande mbegu ya pesa ya kodi ya nyumba ili Mungu amrudishie mara mia. Hiyo ni biashara, na anayepata hasara ni maskini peke yake. Mhubiri wa namna nyingine, Georges Müller kule Bristol, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya yatima mwaka 1836, alitunza zaidi ya yatima 10,000 maishani mwake kwa sala, bila kupita akiomba watu michango. Lakini kila mwaka alichapisha taarifa ya kilichoingia na kilichotoka, hata zawadi ndogo kabisa. Imani yake haikuogopa daftari. Na katika ushirika wa Ndugu, alimokuwa Müller, ndimo alimotoka Frederick Stanley Arnot, kijana wa Scotland aliyefika Bunkeya mwezi wa pili mwaka 1886, bila mshahara wa kampuni wala wa serikali. Makanisa ya Garenganze tuliyo nayo Katanga yana mzizi huo. Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeogopwa kila upande, alimpokea na kumruhusu kujenga, na chakula alichokula huko kililimwa na watu wa nchi hii. Tunasimulia mara nyingi kile mmisionari alichotuletea. Babu zetu waliompa mahali pa kulala nao walitoa.

Kwa hiyo, wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa mnaonisikia, nawaomba Jumapili hii msome hesabu ya sadaka mbele ya waumini: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imekwenda kwa nani. Chagueni mjane mmoja wa mfanyakazi wa zamani katika mtaa wenu, na familia moja iliyohamia hapa juzi isiyo na ndugu, mkawapelekee meka ya unga, hata kama ni wa kanisa jingine. Msingoje mpaka sanduku lijae.