Mzigo wa Nyumba Moja



Tumepewa nafasi ya kusema machache katika sherehe hii, nasi tumechagua jambo ambalo kwa desturi halisemwi penye sherehe. Tunazungumzia familia zinazouguza mtu mwenye maradhi makubwa ya akili.

Sisi wenye maduka husikia mengi. Mtu akivunjika mguu, jirani humletea uji. Akifiwa, kijiji kizima hukusanya kuni na unga. Lakini kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mlango hufungwa. Majirani hunong'ona kwamba amelogwa au amevuta bangi. Kwetu sisi wenye asili ya Gujarat hofu ni ya posa: nani ataoza binti yake katika nyumba ile? Hofu zatofautiana, upweke ni mmoja. Katika ukoo wetu pia yupo aliyeugua hivyo, nasi twajua jinsi mama yake alivyolala miaka mingi akiwa amevaa viatu, tayari kumfuata akitoka usiku.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba skizofrenia humpata takriban mtu mmoja katika kila watu 300 duniani. Dawa zipo na zinasaidia. Hata hivyo, dawa huhitaji mtu wa kukumbusha, nauli ya kwenda kliniki, na wa kubaki na mgonjwa siku ya kuvuna viazi. Hapo ndipo familia iliyo peke yake huchoka.

Jirani zetu wa Mbeya wametuonyesha njia. Katika hospitali ya rufaa ya kanda huko Mbeya, na pia Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walijaribu mpango uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Wagonjwa na ndugu zao hukutana katika kikundi cha familia kadhaa, wakiongozwa na wahudumu waliofunzwa. Hujifunza ugonjwa wenyewe; kisha mmoja hueleza tatizo lake, na wengine hushauriana naye hadi ipatikane hatua ya kujaribu nyumbani. Mgonjwa naye yumo, husikilizwa.

Hekalu letu lina ukumbi ambao siku nyingi hukaa mtupu. Twapendekeza ufunguliwe Jumamosi moja kila mwezi kwa familia hizi, za dini zote, na tuwaombe wahudumu wa afya wa hospitali yetu ya Lugarawa watuongoze. Yasemwayo ndani yabaki ndani. Asiwepo wa kumwambia mgonjwa aache dawa kwa ajili ya sala, wala sala kwa ajili ya dawa. Pawepo na kibubu cha nauli ya kliniki, na sisi wafanyabiashara tuwe wa kwanza kukitia.

Wazee wetu walituachia neno seva, utumishi usiodai malipo. Waswahili nao husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuushike upande mmoja, tuujue uzito wake.

Kamati ikikubali, chai ya mkutano wa kwanza iko juu yetu.