Picha Haina Kivuli

Kila msimu wa mvua waheshimiwa hupanda miti, hupigwa picha, kisha huondoka. Mvua ikikatika, miche hukauka au huliwa na mbuzi.

Chukueni mfano wa mkungu. Hukua upesi, matawi yake hutanda ngazi kwa ngazi kama miavuli, nao huistahimili chumvi ya pwani. Lakini mche wake unataka maji kiangazi cha kwanza, uzio wa kuzuia mbuzi, na nafasi mbali na ukuta na bomba. Majani yake mapana yafagiliwe, yasizibe mitaro.

Mama lishe na abiria vituoni wanaungua na jua. Tusihesabu miche iliyopandwa. Tuhesabu iliyo hai mwaka wa pili.