Mkono Mdogo wa Gia: Lini Uutie, Lini Uutoe

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo tutahitaji ubao na chaki pia.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya gari lenye foo wili. Najua wengi wenu si madereva. Lakini ni nani kati yenu hapa Kigoma ambaye hajapanda gari la namna hiyo kwenda Ilagala au Kalya, au hajalisukuma likiwa limezama katika tope? Tena wako humu wenye mwana au mdogo wao aliye dereva au utingo. Basi sikilizeni, hata kama hamna ufunguo mfukoni.

Ukiingia katika Land Cruiser ya kazi utaona mikono miwili ya gia. Mmoja ni mrefu, nao ni ule wa kila siku. Wa pili ni mfupi, uko kando yake, na juu ya kichwa chake pameandikwa alama. Mwalimu, tafadhali ziandike ubaoni: H2, H4, N, L4. Magari mengine huandika 2H, 4H na 4L, lakini maana ni ile ile.

Namba yatuambia ni magurudumu mangapi yanayosukumwa na injini. H2 ni magurudumu mawili ya nyuma tu, kwa mwendo wa kawaida. H4 ni yote manne, kwa mwendo wa kawaida. L4 ni yote manne, lakini polepole sana na kwa nguvu nyingi. N ni mahali patupu: injini haisukumi gurudumu lolote. Hapo jihadharini. Mkono mdogo ukiwa kwenye N, gari laweza kuteremka lenyewe hata kama umeliacha ndani ya gia. Ni breki ya mkono peke yake inayolishika.

Wazee watazikumbuka Land Rover za miaka ya 1960. Zile zilikuwa na kitufe cha njano cha kutia foo wili, na mkono mwekundu wa gia ya nguvu. Asiyejua kusoma aliongozwa na rangi. Siku hizi ni herufi na namba, na dereva asiyezisoma hupapasa tu kwa mkono.

Sasa niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Tulikuwa tunarudi mjini kutoka vijiji vya kusini, wakati wa masika. Nilikaa kiti cha mbele, nimepakata furushi la vitabu vya kisomo. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na dereva wetu, mtu mzima na mwenye heshima zake, alikuwa ametia H4. Alifanya vizuri. Tulipita mahali ambapo wengine walikuwa wamelala njiani.

Kisha tukafika kwenye lami. Mvua ilikuwa imekatika na barabara imekauka. Dereva akaongeza mwendo, na mkono mdogo akauacha pale pale ulipokuwa. Baada ya muda nikasikia gari linaguna chini.

Nikamwambia, "Mzee, gari linalia."

Akanijibu, "Linalia nini, mwalimu? Gari ni zima."

Tulipofika mahali pa kukata kona, gari likawa kama limeshikwa breki. Usukani ukawa mzito, tairi zikapiga kelele, na badala ya kuingia njia yetu tukaenda upande wa pili. Huko alikuwapo kijana na baiskeli yake, amefunga madumu mawili ya mawese. Aliruka mtaroni. Dumu moja likapasuka, na lami yote ikawa nyekundu. Yeye alipona, ila goti lilichubuka. Mawese tulimlipa.

Dereva akataka kuutoa mkono mdogo, nao ukakataa. Akavuta kwa mikono miwili, wapi! Akapita dereva mmoja wa lori, mzee zaidi, akatuchungulia dirishani. Akasema, "Msiuvunje. Nyosheni usukani, mrudi nyuma hatua chache, kisha mwutoe." Tukafanya hivyo, na mkono ukatoka kama kisu katika siagi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Hili ndilo somo lenyewe, basi tulichunguze pole pole.

Nendeni siku moja mchangani, pale Katonga au popote penye ufuko mkavu. Mwombeni dereva akate kona kali taratibu, kisha mtazame nyayo za gari. Mtaona mistari minne, si miwili. Magurudumu ya mbele hayakanyagi yalipokanyaga ya nyuma. Ya mbele hupita nje, nayo hutembea njia ndefu zaidi.

Sasa watu wawili wasimame hapo darasani. Mwalimu achore chini duara kubwa, na ndani yake duara dogo. Mmoja azunguke kubwa, mwingine dogo. Wote wawili wapige hatua zenye urefu mmoja na idadi moja, na waanze na kumaliza pamoja. Mmeona? Haiwezekani. Mmoja wao lazima aburute miguu.

Gari la namna hii likiwa kwenye H4 ndivyo linavyofungwa. Katika sanduku la gia ambalo mafundi huliita tranzifa, propela ya mbele na ya nyuma hushikanishwa, zikazunguka sawasawa. Penye tope au mchanga hakuna neno, kwa sababu ardhi hukubali: gurudumu huteleza kidogo, na deni hulipwa. Lami kavu haikubali. Basi mvutano huingia katika chuma na kukaa humo. Meno ya gia hubanana, mkono hukataa kutoka, tairi hulika, na mwishowe kitu hukatika. Ukirudi nyuma kidogo, unaulegeza ule mvutano.

Zamani tulipokuwa na vumbi na tope kila upande, kosa hili halikuonekana sana. Lakini sasa lami imefika Manyovu, Kasulu na Uvinza. Katika safari moja dereva hutoka tope, akaingia lami, akarudi tena tope. Kwa hiyo kujua kutoa ni kazi kubwa kuliko kujua kutia. Unapofika mwanzo wa lami kavu, tia H2 kabla hujaongeza mwendo.

Na kutia je? Tia kabla hujaingia katika tope, si baada ya kukwama. Punguza mwendo, nyosha usukani, ondoa mguu kwenye mafuta, kisha sogeza mkono. Usitie kamwe wakati magurudumu ya nyuma yanazunguka bure. Kwa L4 simamisha gari kabisa.

Katika magari mengi, katikati ya gurudumu la mbele pana kifuniko cha kuzungushwa kwa mkono. Pameandikwa FREE, yaani huru, na LOCK, yaani imefungwa. Kikiwa huru, hata ukitia H4 magurudumu ya mbele hayapati nguvu. Pande zote mbili ziwe sawa. Wakati wa masika waweza kuviacha vimefungwa. Havidhuru kitu ukiwa kwenye H2.

Sasa jambo ambalo limewapeleka wengi korongoni. Foo wili yakusaidia kuondoka, lakini haikusaidii kusimama. Breki ni zile zile. Kuna dereva ambaye, akiona gari linapanda kilima chenye utelezi bila shida, huteremka upande wa pili kwa mwendo ule ule. Kwenye mteremko wa tope tia gia ndogo mapema, uiache injini ilizuie gari, na breki uiguse kwa upole.

Kwenye mchanga wa ufukoni wengine hupunguza upepo wa tairi. Ni vema, lakini ujazwe tena kabla ya lami. Wala msiitegemee njia ya ufukoni mliyoipita miaka iliyopita. Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yamepanda na kula sehemu za ufuko. Na penye maji yasiyojulikana kina, hasa karibu na Malagarasi, msimtume utingo apime kwa miguu yake. Mamba hawajui kwamba yuko kazini. Subirini, au ulizeni wenyeji.

Tena, si kila gari ni la namna hii. Land Rover nyingi zilizotoka baada ya 1983 husukuma magurudumu yote manne wakati wote, nazo zina kifaa katikati kinachoruhusu mbele na nyuma kutofautiana. Hizo zina sheria zake.

Kazi ya juma hili: kila mmoja atafute gari lenye mikono miwili, kwa idhini ya dereva, akaisome alama iliyo juu ya mkono mdogo na kuinakili katika daftari. Kisha amwulize dereva mkono uko wapi wakati huo, na kwa nini. Andikeni jibu lake kama alivyolisema. Kwaherini.