Kuta Zisizo na Paa: Bajeti ya Halmashauri na Wajibu Wetu



Nimeombwa niseme juu ya mipango na bajeti ya Halmashauri ya Wilaya yetu ya Moshi. Najua neno bajeti huwakumbusha wengi Dodoma na vitabu vinene. Mimi napenda nianzie kwenye mfongo.

Wazee wetu waliochimba mifongo ya mlima huu hawakuwa na afisa mipango. Hata hivyo walijua kwamba maji hugawiwa kwa zamu, na kwamba mfongo usiosafishwa hubomoka. Asiyefika kwenye kazi ya kusafisha alitozwa faini. Hiyo ndiyo bajeti: kugawana kilicho kichache, na kutenga nguvu za kutunza, siyo za kuchimba tu.

Sasa tuyatazame maboma. Nani kati yetu hajaona kuta za darasa au za zahanati zilizosimama bila paa, majani yakiota ndani? Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati. Nao mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata nchi nzima. Makusudi yalikuwa mema. Wananchi walichanga fedha, mawe, mchanga na jasho, wakitazamia Serikali imalizie. Mahali pengi umaliziaji ulichelewa kwa miaka, kwa sababu fedha hazikutosha, na pia kwa sababu mradi mpya huvutia macho kuliko kumaliza wa zamani. Mjane aliyeuza mkungu wa ndizi ili atoe mchango wake, amdai nani? Hilo ni suala la haki.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 1972 mfumo wa halmashauri ulivunjwa, mipango ikashikwa na watumishi wa Serikali Kuu. Sheria za mwaka 1982 ziliurudisha, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Basi chombo hiki kiliwahi kututoka mikononi. Kufutwa kwa kodi ya maendeleo mwaka 2003 kulituondolea kero kubwa. Lakini (nisemeni ukweli) asiyedaiwa risiti huwa mvivu wa kuulizia matumizi.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi hupaswa kusomwa, na hapo ndipo vipaumbele huanzia, kisha hupelekwa kwenye kata na hatimaye Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Anayepeleka ombi la daraja mwezi Juni amechelewa mwaka mzima.

Na sisi je? Mazishini twajaa. Kwenye mkutano wa kijiji hubaki wazee wachache na mwenyekiti wao.

Naomba basi kila jumuiya ihesabu maboma yaliyomo katika kitongoji chake, iandike kila moja lilianza mwaka gani na limepungukiwa nini, mabati au milango. Karatasi hiyo isomwe katika mkutano wa kijiji, iingizwe katika muhtasari, na diwani apewe nakala kabla ya mwezi Desemba.