Homoni za Mwili na Saumu ya Mgonjwa wa Kisukari



Leo twataka kuitazama amana moja iliyomo miilini mwetu. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya huzunguka sukari ipatayo gramu 4, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Nani aipimaye usiku na mchana, nasi hatuna habari?

Nyuma ya mfuko wa chakula ipo tezi iitwayo kongosho. Tulapo, humimina katika damu insulini, ambayo huiamuru misuli kuipokea sukari na ini kuiweka akiba. Tufungapo, insulini hupungua, na kongosho hiyohiyo hutoa glukagoni, nayo huliamuru ini kuitoa akiba ile. Wajumbe hawa huitwa homoni. Ndiyo maana mwenye afya aweza kufunga hadi magharibi na shambani akaenda.

Wanyama nao wanazo. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapatwa na kisukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Banting na Best waliitoa dawa katika kongosho za mbwa. Na mwaka 1922 akadungwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi, akaishi miaka mingine 13. Baadaye dawa ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, jambo lililowatia shaka wengi. Tangu 1982 ipo insulini ya kibinadamu itengenezwayo kwa bakteria, basi udhuru huo nao umekwisha.

Linalotuhuzunisha ni yule ajidungaye insulini, akaficha maradhi yake, akala daku haba na kujidunga kipimo kilekile. Sindano haina busara ya kongosho: huendelea kuishusha sukari hata ikapungua mno. Alasiri hutetemeka, hutoka jasho, husema ovyo, na watu humdhania ana jini. Mwingine huiacha sindano kabisa. Sukari hupanda, damu hugeuka kuwa na asidi, naye huweza kufa. Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kuikataa ruhusa hiyo si uchaji. Amwone tabibu kabla Ramadhani haijaingia.

Mkimwona anatetemeka, mpeni maji ya sukari papo hapo, hata kama haijaadhiniwa. Akiwa amezimia, msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu, kisha mpelekeni hospitali upesi.