Kwa Nini Maziwa Yanamsumbua Huyu na Si Yule?

Leo tutazungumza juu ya maziwa. Kwa nini mtu mmoja hunywa kikombe kizima akaendelea na kazi zake, na mwenzake akinywa hicho hicho tumbo linanguruma, linajaa gesi, kisha anakimbilia choo?

Kliniki tunasikia mengi juu ya jambo hili. Kuna mke aliyeolewa kwa wafugaji, akaambiwa anaringa kwa kuwa hanywi maziwa. Kuna mama aliyeacha kunyonyesha mtoto alipoharisha, kwa sababu majirani walisema maziwa yake ni mabaya. La kwanza huleta ugomvi nyumbani. La pili linaweza kuua mtoto. Kwa hivyo, mama, tega sikio.

Ndani ya maziwa mna sukari iitwayo laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo hutengeneza kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho huikata sukari hiyo vipande viwili. Karibu kila mtoto huzaliwa nacho, maana maziwa ya mama ndiyo chakula chake cha kwanza. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua polepole. Wakinywa maziwa mengi, sukari hufika utumbo mpana bila kukatwa, vijidudu vya huko huichachusha, na hapo ndipo gesi na kuhara hutokea. Huo si uchawi, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si maringo.

Lakini wako ambao laktesi yao haipungui hata wakizeeka. Kwa nini? Mmoja wa waliotafuta jibu hapa kwetu Afrika Mashariki ni Profesa Sarah Tishkoff, mwanasayansi wa Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kisha akapata shahada ya udaktari wa jeni Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1996. Siku hizo uchunguzi mwingi wa jeni ulifanyiwa watu wenye asili ya Ulaya. Lakini Afrika ndiko binadamu wameishi muda mrefu zaidi, na ndiko kuliko na tofauti nyingi zaidi za jeni. Yeye akaamua kufanya kazi huku.

Mwaka 2001 alianza safari za utafiti Tanzania. Alishirikiana na wanasayansi wa Afrika, wakiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, Dar es Salaam, na Muntaser Ibrahim wa Chuo Kikuu cha Khartoum. Walikwenda hadi vijiji visivyo na umeme, na mashine ya kuzungushia damu ikaendeshwa kwa betri ya gari. Waliokubali kupimwa walikunywa maji yenye gramu 50 za laktosi, kisha wakatobolewa kidole mara kadhaa ili kupima sukari ya damu. Sukari ikipanda, laktesi inafanya kazi. Isipopanda vya kutosha, laktesi ni kidogo.

Baadaye ikaja kazi ya maabara na kompyuta. Fikiria jeni zako kama kitabu kirefu chenye herufi bilioni 3. Hakuna jicho linaloweza kulinganisha vitabu vya mamia ya watu, ila kompyuta inaweza. Mwaka 2007 walitangaza matokeo ya watu 470 kutoka Kenya, Tanzania na Sudan. Walipata mabadiliko matatu ya herufi moja moja yanayoifanya laktesi iendelee ukubwani, na yote ni tofauti na badiliko lililojulikana Ulaya. Lililoenea zaidi Kenya na Tanzania lilianza kusambaa ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, wakati ufugaji ulipokuwa ukienea. Waliokuwa nalo walipata lishe kutoka kwa mifugo, wakaishi na kuzaa zaidi.

Mama, ona uzito wa jambo hili. Kama mfugaji wa Kajiado angepimwa kwa herufi ya Ulaya peke yake, angeambiwa maziwa hayamfai, na huo ungekuwa uongo. Mwaka 2009 kundi hilo lilitangaza uchunguzi wa jamii 121 za Afrika, wakakuta asili 14 tofauti. Mwafrika mmoja hawezi kusimama badala ya wote, sembuse Mzungu.

Sasa tufanye nini nyumbani?

Kwanza, mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Akiharisha, usimwachishe. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na umpeleke kituo cha afya upate ORS na vidonge vya zinki.

Pili, mkimbize hospitali upesi ukiona macho yamebonyea, damu kwenye choo, anatapika kila kitu, amelegea au hawezi kunyonya.

Tatu, mtoto mkubwa au mtu mzima ambaye maziwa yanamsumbua anywe kidogo kidogo, pamoja na chakula. Maziwa lala, mursik na yogati humkubali zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari imeshaliwa na vijidudu vya kugandisha. Kuhara kukiendelea au akipungua uzito, aonwe na daktari. Usidhani ni maziwa tu.

Nne, usimcheke mkwe wala jirani. Hata ndani ya jamii moja, watu hutofautiana.

Tano, ukiombwa damu ya utafiti, yako au ya mtoto, una haki ya kuuliza: Ni ya nini? Itawekwa wapi? Nani ataitumia? Una haki ya kukataa, na hupaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo. Ukikubali baada ya kuelewa, damu yako inaweza kusaidia kutengeneza vipimo vinavyotufaa sisi.

Mweleze na mama mwenzako uliyoyasikia leo. Mimi ni muuguzi wako wa jamii. Kwaheri, na afya njema.