Kijiti na Kivuli

Msikilizaji, umepotea porini na simu imezima. Tafuta kijiti kilichonyooka, kisimike wima mahali tambarare penye jua, kisha weka kokoto palipo na ncha ya kivuli. Subiri kama dakika 20. Kivuli kikishasogea, weka kokoto ya pili kwenye ncha mpya. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni mashariki. Simama ya kwanza ikiwa kushoto kwako, ya pili kulia: mbele yako ni kaskazini.

Ile mbinu ya kutafuta mwelekeo kwa jua na saa ya mishale, inayosifiwa sana Ulaya, huku kwetu karibu na ikweta usiitegemee. Jua la adhuhuri hukaa karibu na utosini, na kuna miezi huegemea kaskazini, mingine kusini. Wewe shika kijiti chako.